Karatasi ya getini: hiyo nayo ni sheria?

"Habari yako, wakili. Mimi ni mama wa watoto wawili. Naishi Pipeline, Embakasi, bedsita ya shilingi 7,000, ghorofa ya tano. Getini kwetu kumebandikwa karatasi iliyoandikwa SHERIA ZA PLOTI. Ziko kumi na moja. Ya tatu inasema kodi ikipita tarehe 5 nyumba inafungwa. Ya saba inasema mgeni akilala bila msimamizi kujua, faini ni shilingi 500. Ya kumi inasema dipositi hairudishwi. Mwezi uliopita nilichelewa siku nne kwa sababu kazini hatukuwa tumelipwa. Nilirudi jioni nikakuta kufuli lao juu ya kufuli langu, na watoto wameketi kwenye ngazi na mabegi ya shule. Tulilala kwa jirani siku mbili. Nilipolalamika, msimamizi aliniambia, 'Hii ni sheria, na uliikuta hapa.' Nikampigia baba yangu nyumbani. Yeye ni mzee anayeheshimika kijijini, akaniambia sheria ni yale ambayo watu wanaoishi pamoja wamekubaliana, na tangu zamani ni hivyo. Hata kwenye chama chetu cha kuchangishana pesa tuna sheria, na tunaziogopa kuliko za serikali. Sasa nauliza: sheria ni nini hasa? Yeyote mwenye kalamu na gundi anaweza kuitunga? Na kati yangu na mwenye nyumba, nani amevunja sheria?"

Dada, nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi. Ulipochelewesha kodi siku nne ulivunja ahadi. Ulikuwa na deni, na deni hilo lilibaki lako hadi ulipolilipa. Lakini hakuna kosa la jinai ulilofanya, na hakuna askari ambaye angeweza kukukamata kwa hilo. Aliyefunga nyumba ambayo watu wanaishi ndani yake, bila amri ya mahakama, ndiye aliyechukua mamlaka ambayo hakupewa na mtu. Kwa hiyo pole sana kwa jioni ile ya ngazini, na naomba usijione mhalifu.

Swali lako la kwanza ni kubwa zaidi, na wanafunzi wa sheria hulizungukia mwaka mzima. Nitalijibu polepole, kwa sababu ukilielewa utaweza kuisoma karatasi ile ya getini mwenyewe, mstari kwa mstari, bila kunihitaji.

Sehemu ya utata inatoka kwenye lugha yetu. Neno "sheria" lilitujia kutoka Kiarabu, na sisi tumelitumia kwa kila kitu: kuna sheria za mpira, sheria za shule, sheria za sarufi, sheria za ploti, sheria za nchi. Tuna maneno mengine mazuri ambayo tumeyaacha yakae tu: kanuni, mila, desturi, mwiko, amri, mapatano, ahadi. Kila moja lina uzito wake. Anayeandika SHERIA juu ya karatasi yake anajua anachofanya. Anaazima heshima ya Bunge na mahakama ili wewe upande ngazi ukiwa umeshaogopa. Angeandika MAOMBI YA MWENYE NYUMBA au MAPATANO YETU, ungeyasoma kwa jicho jingine kabisa.

Watu wengi wanaokuja ofisini kwangu wanaamini kuwa sheria ni amri yenye adhabu. Ukiambiwa fanya hivi, na usipofanya utaumia, basi hiyo ni sheria. Wazo hili si la kijinga. Mwanazuoni Mwingereza wa karne ya 19, John Austin, alifundisha jambo linalokaribiana nalo: sheria ni amri ya mwenye enzi inayoambatana na tishio. Lakini hebu fikiria jambo hili. Unapita River Road saa mbili usiku, kijana anakushika mkono na kukuambia, "Toa simu." Hiyo ni amri. Adhabu unaijua. Nawe utatii. Je, kuna mtu atakayesema kijana yule ametunga sheria? Profesa mmoja wa Oxford, H.L.A. Hart, alitumia mfano wa namna hiyo, wa mtu mwenye bunduki, kuonyesha kuwa hofu peke yake haitoshi. Unaweza kulazimishwa kufanya jambo bila kuwa na wajibu wa kulifanya. Kufuli la mlangoni kwako lilikulazimisha. Wajibu wa kukubali kufungiwa hukuwa nao.

Tena kuna sheria nyingi zisizoadhibu mtu hata kidogo. Sheria inayokueleza namna ya kuandika wosia haikutishi; inakupa uwezo ambao usingekuwa nao, wa kuamua mali yako itamwendea nani ukiwa umeshaondoka duniani. Sheria ya ndoa, ya mikataba, ya kusajili kampuni, zote ni za namna hiyo. Ni kama daraja. Hakuna anayekulazimisha kuvuka, lakini ukitaka kuvuka, pitia hapa.

Basi, kama si adhabu, kinachoifanya kanuni iwe sheria ni kipi? Kuna alama za kuitambua. Ya kwanza mimi huitafuta kwa swali ambalo hata mtoto anaweza kuuliza: nani kakupa ruhusa?

Unakumbuka mwanzo wa Februari 2004? Kama ulikuwa Nairobi utakumbuka asubuhi zile ambapo matatu zilitoweka barabarani na watu wakatembea kwa miguu kutoka Eastlands hadi mjini. Zilikuwa Kanuni za Michuki, zilizotolewa mwaka 2003 na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki: mikanda ya usalama, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, abiria 14 na si zaidi, dereva na kondakta wavae sare. Mtu mmoja alitia saini na nchi nzima ikabadilika. Uwezo huo aliupata wapi? Haukutoka kwenye ukali wake, ingawa alikuwa mkali. Sheria ya Trafiki, iliyopitishwa na Bunge, inampa waziri ruhusa ya kutunga kanuni za barabara. Na Bunge nalo linapata ruhusa yake kwenye Katiba. Ukiivuta kamba ya kanuni ya mshipi wa matatu, unafika waziri, unavuta unafika Bunge, unavuta tena unafika Katiba, na Katiba yenyewe, katika kifungu chake cha kwanza kabisa, inasema mamlaka yote ni ya wananchi wa Kenya. Yaani unafika kwako.

Kifungu cha 94 cha Katiba ya 2010 kinalisema jambo hili waziwazi: hakuna mtu wala chombo, isipokuwa Bunge, chenye uwezo wa kutunga kitu chenye nguvu ya sheria katika Kenya, ila kwa idhini iliyotolewa na Katiba au na sheria. Mabunge ya kaunti yanaruhusiwa, katika mambo waliyopewa. Waziri anaruhusiwa, pale sheria inapomruhusu. Sasa ivute kamba ya karatasi ya getini kwenu. Inafika kwa msimamizi, kutoka kwa msimamizi inafika kwa mwenye nyumba, na hapo inakatika.

Alama ya pili ni kwamba sheria hutangazwa kabla ya kuuma. Muswada ukishatiwa saini na Rais, lazima uchapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali ndani ya siku saba, na sheria mpya huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa yenyewe imetaja siku nyingine. Sheria za kaunti nazo hazina nguvu mpaka zichapishwe. Na Kifungu cha 50 cha Katiba kinakataza mtu kutiwa hatiani kwa jambo ambalo halikuwa kosa siku alipolifanya. Kumbuka mifuko ya plastiki. Tangazo lilitolewa Februari 2017, marufuku ikaanza 28 Agosti mwaka huohuo. Mama mboga, muuza nguo wa Gikomba na duka kubwa la mjini wote walipewa miezi sita ileile ya kujipanga. Uwe uliipenda marufuku hiyo au uliichukia, hukuviziwa. Linganisha na ploti nyingi za mji huu, ambapo kanuni ya nane huongezwa Jumanne kwa sababu mtu fulani alimwaga maji Jumatatu, na huyo mtu wa Jumatatu ndiye wa kwanza kutozwa faini.

Alama ya tatu ndiyo ninayoiona kuwa ya maana kuliko zote, nami nitakaa hapa kidogo. Sheria haimruhusu mtu kuwa mlalamishi, hakimu na mtekelezaji katika kesi yake mwenyewe. Kiswahili chetu kina msemo mzuri wa jambo hili: kujichukulia sheria mkononi. Tunausema pale umati unapomchoma kijana anayeshukiwa kuiba simu, na hatumaanishi kwamba mshukiwa hakuiba. Pengine aliiba. Tunamaanisha kwamba sheria ina mahali pake pa kukaa, na mahali hapo si mkononi mwa aliyeudhiwa. Ndivyo ilivyo kwa mwenye nyumba wako. Alikuwa na dai halali, shilingi 7,000 zilizochelewa siku nne. Lakini aliposema deni lipo, akaamua adhabu ni kufungiwa, kisha akamtuma msimamizi wake na kufuli, alifanya kazi za watu watatu ambao Katiba imewatenganisha kwa makusudi. Kama kungekuwa na makosa ya hesabu, ungemlalamikia nani? Yule yule.

Niliwahi kupanga chumba Kariobangi nilipokuwa mwanafunzi. Mwenye nyumba alikuwa na mtindo wa kung'oa mlango wa anayechelewa kodi na kuubeba hadi kwake. Nilikuwa nimelipa. Mlango wangu ulibebwa kwa sababu nambari ya chumba changu ilifutika na ikasomwa vibaya. Nililala bila mlango usiku mmoja wa Julai, nimekumbatia vitabu vyangu, na asubuhi nikaombwa radhi. Tangu siku hiyo naelewa kwa nini sheria inasisitiza usikilizwe kwanza. Makosa ya aina hii ni ya kila siku, na mtu aliyeshika kufuli mkononi hana haraka ya kuyaona.

Alama ya nne huambatana na hiyo: sheria humshika hata anayeitunga. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, pale mjini, ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais uliofanyika Agosti. Tuache siasa zake. Ninachotaka uone ni kwamba watu wenye nguvu kuliko wote nchini waliambiwa utaratibu haukufuatwa, nao wakarudi kwenye uchaguzi. Sasa tafuta kwenye ile karatasi yenu ya sheria kumi na moja. Kuna hata moja inayosema maji yakikatika wiki nzima mwenye nyumba atatozwa kitu? Kanuni inayofunga upande mmoja tu ni amri ya bwana kwa mtumwa, hata ikipigwa chapa kwa rangi.

Lakini nisikupe picha ya kwamba karatasi ile haina maana yoyote. Hapo ningekudanganya. Mapatano kati ya mpangaji na mwenye nyumba ni mkataba, na mkataba unafunga. Nguvu yake inatoka kwa sheria, inayosema watu wazima wakiahidiana kwa hiari watimize. Kwa hiyo swali la kwanza ni: ulipoingia, ulionyeshwa masharti yale ukayakubali, au yalibandikwa baadaye? "Uliikuta hapa" ni hoja yenye uzito kama kweli uliikuta, na haina uzito kama ilikuja baada ya wewe kulipa dipositi. Swali la pili ni kama sharti lenyewe linavumilika kisheria. Sharti la tarehe 5 kuwa siku ya mwisho ya kodi ni halali kabisa, hata kwa maneno ya mdomo. Sharti la mgeni ni la mashaka. Mahakama hazipendi faini zilizowekwa ili kutia hofu tu, zisizolingana na hasara yoyote, lakini ukitia saini mwenyewe utakuwa na kazi zaidi ya kulipinga. Dipositi ni amana, na amana kwa maana yake hurudi. Mwenye nyumba anaweza kukata kodi ambayo hukulipa, au gharama ya dirisha ulilovunja. Kuimeza yote kwa sababu ya mstari mmoja getini ni jambo jingine. Na sharti la kufuli halisimami, kwa sababu mkataba hauwezi kumpa mwenye nyumba kazi ya hakimu.

Sasa turudi kwa baba yako, maana sitaki umpigie simu ukamwambie kwamba wakili wa Nairobi amemkosoa. Amesema kweli, tena kweli kubwa. Kabla ya Bunge na Gazeti Rasmi, wazee walikaa chini ya mti wakaamua mipaka, mahari na fidia, na watu wakatii kwa sababu maamuzi yale yalikuwa yao. Sheria za Kenya hazikuufuta ulimwengu huo. Sheria ya Uamuzi wa Kesi (Judicature Act) ya 1967 inaziambia mahakama zifuate mila za Kiafrika katika kesi za madai pale zinapowahusu wahusika, mradi haziendi kinyume na haki na maadili. (Sheria hiyohiyo inatuambia pia tufuate kanuni za Uingereza zilizokuwepo tarehe 12 Agosti 1897. Ndiyo, tarehe hiyo ya enzi ya mkoloni bado imo kwenye vitabu vyetu.) Katiba pia imeacha mlango kwa mahakama za kadhi kuhusu ndoa, talaka na urithi, wahusika wakiwa Waislamu na wakikubali kusikizwa huko. Na Kifungu cha 159 kinahimiza upatanisho na njia za jadi za kumaliza ugomvi.

Waliokuwa watu wazima mwaka 1987 hawajasahau kesi ya S.M. Otieno. Alikuwa wakili mashuhuri hapa Nairobi, Mluo, amemwoa Wambui, Mkikuyu. Alipofariki Desemba 1986, mjane alitaka kumzika Matasia, karibu na Ngong, na ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano huku kesi ikipanda. Mwishowe, Mei 1987, Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo haki ya kuzika. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa sheria za vitabu alizikwa kwa sheria ya mila. Unaweza kuuona uamuzi ule kuwa mgumu kwa mjane, nami nauona hivyo, lakini unathibitisha neno la baba yako: mila inaweza kuwa sheria kamili.

Kwa hiyo tofauti iko wapi? Iko kwenye Kifungu cha 2 cha Katiba. Leo sheria yoyote, pamoja na ya mila, inayopingana na Katiba ni batili kwa kadiri ya kupingana kwake. Wazee wakikubaliana kwamba binti asirithi kwa sababu ni binti, wamekubaliana, wanaishi pamoja, na bado si sheria. Makubaliano ya wanaokaa pamoja ni mbegu ya sheria. Ila ni lazima tuulize pia nani alikuwa kwenye kikao, na nani aliamuliwa bila kuitwa.

Chama chenu kinaingia hapohapo. Hofu mnayoiona mbele ya mweka hazina siku ya michango ni hofu ya kuwaaibikia marafiki, na hiyo ina nguvu kuliko askari. Jamii yoyote ile hutegemea zaidi adabu, aibu, dini na urafiki kuliko mahakama. Sisi mawakili hupenda kusahau hilo. Sheria ni sehemu ndogo ya yale yanayotufanya tuishi pamoja, lakini ni ile sehemu inayobaki kusimama pale mengine yanapoanguka. Mweka hazina akitoroka na laki mbili, aibu haitamrudisha. Siku hiyo mtaitafuta ile katiba ya chama, muikute imetiwa saini, na mtashukuru kwamba kuna mahakama itakayoisoma kama mkataba.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hukuuliza, lakini nalisikia chini ya barua yako. Unataka kuamini kwamba kitu kikiwa sheria, basi ni haki. Lugha yetu imeyapa maneno mawili tofauti, sheria na haki, nami nakuomba usiyachanganye. Kipande kilikuwa sheria. Kiliwekwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi abebe cheti cha alama za vidole na rekodi za kazi yake, ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Kilikuwa kimepitishwa na chombo chenye mamlaka ya wakati huo na kutangazwa, na kilikuwa na mahakama za kukitekeleza. Harry Thuku alikipinga, akakamatwa Machi 1922. Tarehe 16 umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi, Muthoni Nyanjiru akiwahimiza wanaume walioanza kurudi nyuma, na risasi zikapigwa. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 21, Nyanjiru akiwa mmoja wao. Wengine walihesabu zaidi. Barabara inayopita hapo leo inaitwa Harry Thuku. Ukiipitia ukienda Chuo Kikuu, kumbuka kwamba waliolala chini siku ile walikuwa wakimtetea mtu aliyeipinga sheria, na kwamba sheria ile ndiyo iliyokuwa mbaya.

Sheria hubadilika, basi, na ina njia ya kubadilishwa. Wakati mwingine ni Bunge linalofanya hivyo, wakati mwingine ni mahakama. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha hakimu atoe hukumu ya kifo kwa kila kesi ya mauaji, bila kumpa nafasi ya kuangalia hali ya mtu, ni kinyume cha Katiba. Kanuni hiyo ilikuwa imedumu tangu enzi za mkoloni.

Sasa tushuke hadi kwenye mlango wako, maana nadharia haifungui kufuli.

Mwenye nyumba ana njia zake halali, na ni vizuri uzijue ili zisikushtue. Anaweza kukupa notisi ya kuhama. Kama kodi hulipwa kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi hiyo isipungue mwezi mmoja na iishie siku ya kulipa kodi. Anaweza kukushtaki kwa deni. Anaweza pia, chini ya sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, kumtuma dalali mwenye leseni kushika baadhi ya vitu vyako. Njia hiyo ya mwisho ni chungu, nami singependa uipitie. Lakini dalali ana leseni na sheria ya kumbana, na msimamizi na kufuli lake hana.

Utasikia pia majirani wakitaja jopo la kodi za nyumba. Lipo, na huwalinda vizuri wapangaji, lakini sheria yake inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Wewe unalipa 7,000, kwa hiyo kesi yako itakwenda mahakama za kawaida.

Je, uende? Hebu tupime. Ukikimbilia mahakamani kesho kwa ajili ya siku mbili zilizopita, huenda ukashinda na kulipwa fidia ndogo, kisha ukapewa notisi ya mwezi mmoja na kuanza kutafuta nyumba muhula ukiendelea. Notisi hiyo itakuwa halali, uipende usiipende. Mimi ningeanza na barua. Iandike kwa heshima, ukurasa mmoja, kwa mwenye nyumba mwenyewe na si kwa msimamizi. Mweleze kilichotokea na tarehe zake, kwamba ulilipa, kwamba kuufunga mlango bila amri ya mahakama hakuruhusiwi, na kwamba ukichelewa tena uko tayari kuzungumza kabla ya tarehe 5. Baki na nakala. Wenye nyumba wengi hufanya haya kwa mazoea, na barua ya mtu anayejua anachosema huwabadilisha haraka kuliko ugomvi wa getini. Kama wapangaji watano watatia saini pamoja nawe, afadhali zaidi. Mkitaka mtu wa kuwapatanisha, mzee wa nyumba kumi au chifu anaweza kuwaketisha, mradi ujue kwamba hana uwezo wa kuamuru ufungiwe.

Ukihama na dipositi isirudi, hapo usisite. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani Aprili 2021, husikiza madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni moja, na inatakiwa itoe uamuzi ndani ya siku 60. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe bila wakili. Ni mojawapo ya mambo mazuri tuliyopata miaka ya karibuni, na bado watu wengi wa Eastlands hawajui iko.

Kuna hali ambazo hupaswi kungoja barua wala ushauri wangu wa maandishi. Mlango ukifungwa tena watoto wakiwa nje, au ukavunjwa, au vitu vyako vikatolewa, nenda kituo cha polisi siku hiyohiyo na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Ukiambiwa "hayo ni ya madai, nenda kortini", jibu kwa utulivu kwamba kuingia kwa nguvu katika nyumba inayokaliwa na mtu ni kosa la jinai katika Kanuni ya Adhabu, hata kama anayeingia ana haki ya umiliki. Kisha mwone wakili ana kwa ana, ili aombe amri ya muda kwa hakimu. Amri kama hiyo haiwezi kupatikana kwa kuandikiana. Fanya hivyo pia ukipokea karatasi yoyote yenye muhuri wa mahakama, maana ina siku zake za kujibiwa, na ukizipuuza uamuzi utatolewa bila wewe kusikizwa. Kama huna pesa za wakili, Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia watu wa kipato kidogo katika mji huu tangu 1973, na kesi za nyumba na ardhi wanazifahamu vizuri.

Ukienda kwa yeyote kati ya hawa, beba ujumbe wa M-Pesa wa kila mwezi uliolipa, risiti ya dipositi, na jina la jirani aliyewalaza watoto zile siku mbili. Na leo jioni ukipita getini, piga picha ya ile karatasi, yote kumi na moja, kabla mtu hajaibandua.